Moto Kwanza, Nje Baadaye
(Mhadhara kwa wafugaji wadogo wa kuku, Pongwe, Tanga)

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Naona dada mmoja ameingia na kikapu kinalia. Tafadhali usiondoke, nitakuhitaji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, vifaranga wangu wametimiza wiki nne, niwatoe nje?" Mimi sijibu kwa wiki. Namuuliza, wanalala na moto au hawalali nao? Akisema bado anawawekea chungu cha mkaa usiku, basi habari ya nje tuiache. Moto uondoke kwanza, kifaranga akiwa mlemle bruda alimozoea, yaani chumba chenye moto cha kulelea vifaranga, apitishe siku nne tano bila moto, ale vizuri, asijikunyate. Ndipo tuzungumze nje. Sisi tunayafanya yote mawili siku moja, halafu asubuhi tunatafuta jembe la kuzikia.

Na mimi nilizika. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, nina chotara 120 wa siku 29. Mchana kutwa jua, Tanga hii mnaijua, shati linaganda mgongoni. Nikasema, mkaa wa nini tena? Nikawahamishia banda jipya la makuti, wavu pande tatu, nimelisifu mwenyewe. Saa nane usiku mvua ikashuka na upepo wake. Alfajiri nikakuta lundo kwenye pembe moja. Wa juu wazima, wanalia. Niliponyanyua wa juu nikakuta wa chini 31 wamelala bapa kama maandazi yaliyokaliwa, wengine wana joto bado. Baridi haikuwaua yenyewe. Waliuawa na wenzao waliokuwa wanaikimbia baridi.

Tangu siku hiyo pembe za banda naziziba kwa maboksi, ndani panakuwa duara. Kifaranga akikosa pembe ya kujibanza, lundo halipandi sana.

(Hapa mama mmoja akauliza: "Mbona wa kienyeji mama yao anatoka nao siku ya pili tu, na hawafi?")

Ahsante mama, swali zuri. Yule hajatoka bila bruda, bruda anatembea nayo! Tazama tetea mwenye vifaranga: wanaparua kidogo, ghafla anatuama, wote wanaingia chini ya mbawa. Mwili wa kuku una joto la nyuzi kama 41. Wakishapata moto wanatoka tena. Wako wa bruda hana pa kurudi. Na tusidanganyane, hata wa kienyeji wanakufa, ila hatuwahesabu.

Sasa hesabu ya joto. Wiki ya kwanza ni nyuzi 33 hadi 35, upime usawa wa mgongo wa kifaranga, siyo juu ukutani. Kila wiki punguza kama nyuzi 3. Wiki ya tano utakuwa umefika 21 hadi 23. Kipindi cha kaskazi, mwezi wa kwanza, usiku wetu haushuki huko, kwa hiyo ukiendelea na mkaa unamtajirisha muuza mkaa. Lakini Julai, kusi ikivuma, usiku unakaribia nyuzi 20, na banda likitazama upepo ndiyo balaa. Hapo mimi nangoja wiki ya sita. Ndugu zetu wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, wana hesabu yao nyingine kabisa. Tusiige kalenda yao.

Wiki zinakupa makadirio, manyoya ndiyo yanayokupa jibu. Manyoya mororo aliyoanguliwa nayo hayazuii maji, yakilowa yameisha. Manyoya ya kweli huanza mbawani, yakaja mkiani, mgongoni, kifuani. Mbawa zinatudanganya sana: kifaranga wa wiki mbili ana mbawa nzuri, kumbe chini yuko uchi. Mwenye kuku wa kishingo asingoje shingo ifunike, atangoja mpaka Idi. Aangalie mgongo na kifua.

Wakishafunika, siku ya kwanza watoe saa mbili asubuhi, warudi saa nne kabla jua halijawa kali. Kivuli kiwepo, maji yawepo. Ongeza muda kila siku, na usiku wa kulala banda la nje uje mwisho, baada ya wiki nzima. Jioni hawatajua kuingia bandani. Watajikusanya palipobaki mwanga. Weka taa ndogo ndani siku tatu nne za mwanzo, wataifuata. Na chakula usikibadilishe wiki hiyohiyo.

Kunguru mnawajua, sihitaji kuwahubiria. Juu funika. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa, uzikaze, zikilegea hadi chini zinanasa miguu ya vifaranga.

Chanjo za kideri, siku ya 7 na ya 21, na za ugonjwa wa Gumboro, ya 14 na ya 28, ziwe zimekamilika kabla hawajakanyaga ardhi waliyopita kuku wakubwa. Ya ndui mpangeni na afisa mifugo; inaenezwa na mbu, na mbu wa hapa wanamjua kuku kama wanavyotujua sisi. Na kuhara damu hupenda palipolowa, hasa pembeni mwa chombo cha maji, kwa hiyo hamisha chombo mara kwa mara. Ukiona kinyesi chekundu na vifaranga wameinamisha mbawa, usingoje kesho.

Haya, dada wa kikapu, njoo mbele. Ana wiki ngapi huyu? Nne na siku mbili. Mshike hivi, tumbo juu. Sasa mpulize kifuani, polepole. Mnaona waridi ile? Ni ngozi. Na mgongoni, hapa kati ya mbawa, pia ngozi. Mrudishe kwenye mkaa wake, dada, umpulize tena Ijumaa ijayo.