Ngozi Baada ya Wembe

(Mhadhara kwa vinyozi, wateja wao na madereva wa bodaboda, Moshi mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, poleni na kazi. Na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni, ingieni tu, viti bado vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumzie ngozi inayowasha na kuchoma baada ya kunyoa ndevu kwa wembe, ule unyoaji wa maji, povu na brashi. Kazi yangu ni ngozi, na wanaume wanaokuja kwetu na shingo zilizoharibika ni wengi sana. Wengi wanachelewa kuja. Mwanaume anaona haya kupanga foleni hospitali kwa ajili ya vipele vya kidevuni, basi anavumilia na kupaka kila anachoelekezwa na rafiki, na mwenye duka, na shemeji. Siku anapofika, madhara ya wembe yameshakuwa madogo. Yanayotusumbua ni ya vile alivyopaka.

Neno langu la leo ni hili: kinachochoma baada ya kunyoa hakitulizi ngozi. Najua wengi humu mmelelewa mkiamini kwamba dawa isipochoma haijaingia. Naomba mnisikilize nieleze kwa nini nasema hivyo.

Wembe haukati ndevu peke yake. Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa, na tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Usoni ni jembamba mno, halifiki unene wa unywele mmoja wa ndevu. Wembe ukipita unalikwangua, pamoja na mafuta yake. Hata usipoona tone la damu, pale pameachwa wazi. Maji yanapotea haraka, ngozi inakaza, na chochote utakachopaka kinazama kuliko kawaida. Mwili nao unapeleka damu kwa wingi mahali hapo, ndiyo maana unasikia joto. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwetu sisi weusi wekundu huo hauonekani vizuri. Utaona pametuna, panang'aa, au siku chache baadaye pamekuwa peusi zaidi. Weka kiganja: ukisikia moto kuliko shavu lenyewe, ngozi hiyo imeumia.

Sasa tuje kwenye spiriti. Sote tunajua inavyokwenda. Fundi amemaliza, amefuta povu, anachukua pamba, anailowesha, anaibandika shingoni. Mteja anakunja uso, anavuta pumzi kwa meno, anashika mkono wa kiti. Fundi anampepea kwa taulo. Dakika moja baadaye mteja anasikia ubaridi mzuri na anasema hapo sawa, imeingia.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya ngozi kuna neva zinazohisi moto. Kwa kawaida zinaamka ukigusa kitu cha joto kali, juu kidogo ya nyuzi 40. Pombe iliyomo kwenye spiriti inazifanya ziamke mapema, kwa joto la mwili wako mwenyewe. Maumivu yale ni ya neva, hayana uhusiano na vijidudu kufa. Ubaridi unaofuata ni spiriti inayoruka hewani, na inaporuka inaiacha ngozi imekauka zaidi, maana imeondoka na mafuta machache yaliyokuwa yamebaki. Baada ya saa 2 au 3 mtu anaanza kujikuna, na anaulaumu wembe.

Sisemi muitupe spiriti, mafundi. Mahali pake ni kwenye vifaa: mikasi, chanuo, vichwa vya mashine, baada ya kuvisafisha kwa sabuni na maji. Na hapa nisimame kidogo, ingawa sikuitwa kwa ajili ya hili. Wembe wenyewe hausafishwi ukarudi kwa mtu mwingine. Kila mteja wembe mpya, afungue mwenyewe karatasi aone. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza, kwenye damu ambayo jicho halioni. Nyembe zilizotumika zitumbukizwe kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa mwanya mwembamba. Mtoto wa jirani asije akaziokota jalalani.

Ndimu. Mzee wangu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, naona ndimu anaifahamu. Juisi yake ni kali, na ngozi iliyokwanguliwa haiwezi kuihimili. Lakini kuna jambo baya kuliko kuchoma. Ndani ya ndimu kuna kemikali ambazo zikipigwa na jua zinaiunguza ngozi. Dereva wa bodaboda akijipaka ndimu asubuhi, akashinda juani pale Mbuyuni akisubiri abiria, baada ya siku 1 au 2 anaweza kutoka malengelenge, na doa jeusi likakaa miezi. Kwa hiyo ndimu ibaki kwenye supu.

Shabu ni habari nyingine, na sipendi kuidharau. Lile jiwe la shabu linalouzwa sokoni ni chumvi ya alumini, nayo inafunga kidonda kidogo kweli, kwa sababu inakaza protini za damu na za ngozi. Ukijikata, ilowanishe, gusisha pale penye damu tu, ngoja nusu dakika, kisha suuza kwa maji baridi. Usiisugue uso mzima kila siku, hasa kama ngozi yako ni kavu. Na jiwe moja lisipite kwa wateja wote wa saluni. Jiwe linalogusa damu ya huyu halafu la yule lina hatari ileile ya wembe wa kuazimana. Kila mtu awe na lake.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza suuza povu lote. Nimeona watu wengi wanafuta povu kwa taulo na kuondoka, na sabuni inabaki imekauka chini ya taya na nyuma ya masikio. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo: pH yake, kipimo ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi, ni karibu 5, wakati sabuni ya kawaida inafika 9 au 10. Ikibaki pale inaendelea kuisumbua ngozi mchana kutwa. Tumia maji ya uvuguvugu kuondoa sabuni, halafu malizia na maji baridi. Barafu haihitajiki. Maji ya bomba ya Moshi mwezi wa Julai yanatosha kabisa.

Halafu chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji baridi, kikamue kiasi kisidondoke, ukilaze shingoni. Kilaze tu. Kikipata joto, kichovye tena. Fanya hivyo dakika 5 hadi 10. Mafundi, hili ndilo ninaloomba lichukue nafasi ya ile pamba ya spiriti, kila mteja na kitambaa chake kilichofuliwa. Ubaridi unabana mishipa midogo ya damu, joto linashuka, na neva zinatulia bila kuumizwa. Mteja atafumba macho, na atarudi.

Ukimaliza, kausha kwa kubonyeza, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka kitu cha kuifunika. Cha bei rahisi na kisicho na maneno mengi ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Chota kidogo, yayeyushe kati ya viganja, gusisha. Yanafanya kazi ya lile tabaka lililokwanguliwa wakati mwili unajitengenezea jipya. Kama ngozi yako ina mafuta mengi na chunusi ni za kawaida kwako, chagua losheni nyepesi isiyo na manukato. Glisirini nayo ni nzuri, lakini ichanganye na maji kwanza, maana ikiwa peke yake kwenye hewa kavu inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi. Mafuta ya nazi yanafaa kwa wengi. Asubuhi ya baridi utayakuta yameganda kopoani, hayajaharibika.

Na mshubiri, kwa kuwa umejaa kwenye viunga vyetu. Ukikata jani, utaona maji ya njano yanachuruzika karibu na ganda. Hayo ni makali, yanawasha. Simamisha jani, upande uliokatwa ukiangalia chini, yachuruzike yaishe, lioshe, menya ganda, utumie ule ute mweupe unaopitisha mwanga. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, usubiri mpaka kesho yake. Kuna watu ngozi zao hazielewani nao.

Yenye manukato niliyakataa kwa sababu harufu ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mara nyingi, na ngozi iliyonyolewa inaupokea mzio upesi. Mentholi nayo inadanganya: neva zinahisi baridi, joto lenyewe liko palepale.

Sasa jambo linaloniumiza kuliko yote. Ile mirija ya krimu inayouzwa kwenye maduka ya dawa, yenye dawa 3 kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Kijana anapaka usiku, asubuhi shingo ni laini. Anafurahi. Anapaka kila akinyoa, mwezi, miezi sita. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka kwa wingi, pengine shingo inakuwa na mabaka meupe. Akiacha, muwasho unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, basi anarudi dukani. Nimewaona vijana wa miaka 20 na kitu wenye ngozi ya shingo inayochubuka kwa kuguswa na kola. Steroidi ina mahali pake, na sisi wenyewe tunaiandika. Ile nyepesi, haidrokotisoni ya asilimia 1, inaweza kusaidia kwa siku chache muwasho ukizidi, ukishaelekezwa na mtaalamu. Kuifanya mafuta ya kila siku, hapana. Na wanaotumia mkorogo kufuta madoa ya ndevu, wapo, wanaume pia, wajue kwamba vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini kwa sababu nzuri.

Fundi mmoja ananiuliza: mbona kuna mteja nimemfanyia yote, maji baridi, mafuta, na bado ana vipele? Swali zuri sana. Muwasho wa wembe wenyewe unaisha kwa siku 1 au 2. Vipele vinavyokaa wiki nzima, vigumu, vingine na nukta nyeusi katikati, ni kitu kingine. Ndevu zetu zimejikunja. Wembe ukizikata kwa mshazari, ncha inabaki kali kama mwiba, inakua kwa kupinda, inarudi kuchoma ngozi jirani. Na ukiivuta ngozi wakati wa kunyoa, unywele uliokatwa unarudi ndani, unatoboa ukiwa hukohuko chini. Mwili unaupiga vita unywele wake wenyewe, hivyo hakuna mafuta yatakayotuliza wakati unywele bado umo.

Huyo aache kunyoa kwa wiki 4 hivi. Wiki ya kwanza ataona kama inazidi, avumilie. Nywele zikirefuka nyingi zinajichomoa zenyewe. Aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kitanzi cha unywele kikionekana juu, akiinue taratibu kwa sindano iliyosafishwa. Asiung'oe, ukiota upya utaanzia chini tena. Baadaye atumie mashine na kubakiza milimita 1. Kama kazi au ibada inamtaka awe amenyoa, basi alainishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika 3, sabuni ya kunyolea na siyo ya mche, wembe mpya, afuate ndevu zinakolala, asivute ngozi, asirudie palepale mara tatu. Shingoni ndevu hazilali upande mmoja: pitisha kidole uone zinakoelekea kabla hujaweka wembe.

Kijana wa bodaboda anauliza kuhusu mkanda wa kofia ngumu. Ndiyo, unachangia. Unapita pale pale chini ya taya, una jasho na vumbi la jana, na asubuhi ya baridi unasugua ngozi iliyonyolewa saa moja iliyopita. Nyoa jioni, ngozi ipate usiku mzima wa kupumzika. Ufue mkanda kila wiki. Na zile kofia za abiria, zinavaliwa na watu wengi kwa siku, zifuteni ndani.

Wa kuja hospitali ni nani? Mwenye usaha unaoenea, homa, uvimbe unaouma. Mwenye duara linalobanduka magamba na kuwasha, kwa sababu hayo huenda ni fangasi, ndugu wa mapunye, na krimu ya steroidi itayaeneza. Na mwenye vinundu vigumu kisogoni au kidevuni vinavyozidi kukua. Huyo, fundi, usimguse kwa wembe hata akikulipa mara mbili, kila jeraha dogo linaweza kuzaa kovu kubwa. Hapa Moshi hatuna kisingizio: pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika huja kusomea.

Nimeona kuna fundi amekuja na brashi yake na beseni. Tafadhali pita mbele, na tupate mmoja wa kujitolea mwenye ndevu za siku mbili tatu. Maji ya uvuguvugu yapo kwenye chupa ya chai pale mezani, na vitambaa safi viko kwenye mfuko.