Skafu Ile Si ya Gwaride Tu

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Nashukuru mmeacha shughuli za Jumamosi, na najua wengine mmepanda daladala kutoka Pongwe.

Mama mmoja wa Ngamiani kaniuliza hapo mlangoni: "Mwalimu, hawa Girl Guides wana kazi gani zaidi ya gwaride siku za sherehe?" Nitamjibu, lakini kwanza mjue hawa skauti wa kike wametoka wapi. Mwaka 1909 maskauti wa kiume walikusanyika Crystal Palace, London. Wakatokea wasichana ambao hawakualikwa, wakasema na wao ni maskauti. Mwaka uliofuata wakapata chama chao, chini ya Agnes Baden-Powell, dada wa mwanzilishi wa skauti. Tanganyika kilifika 1928, na 1963 chama chetu kikawa mwanachama kamili wa chama cha dunia. Basi hawa hawakuletwa na mtu, walijileta.

Ndiyo maana tunawaachia mambo yao. Wanakaa vikundi vidogo vya sita hadi wanane, wanachagua kiongozi wao, na daftari la fedha analishika mmoja wao. Tukienda kambi, bajeti ni yao na soko la Mgandini wanakwenda wao. Mlezi nafuata nyuma, nimefunga mdomo, na wallahi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wakibeba nyanya tenga zima wakasahau chumvi, jioni tunakula mchuzi wa chukuchuku, na mimi nakula pia.

Na ile skafu ya gwaride, mama yangu, ukiikunjua ni pembetatu. Mwenzao akivunjika mkono, inapitishwa chini ya mkono uliokunjwa, ncha mbili zinakutana kando ya shingo: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo hilo hulala bapa, halimchomi mgonjwa. Mwambie binti akuonyeshe leo kwa kanga.

Mzee wa nyuma ameuliza habari za kulala nje. Haki yako kuuliza. Hakuna anayekwenda bila saini ya mzazi, wanaolala na wasichana ni walezi wa kike, na ukitaka kuja kukagua mahema kabla ya Magharibi, karibu. Hijabu inavaliwa na sare bila shida. Mwenye pumu, andikeni dawa yake kwenye fomu. Mchango wa kambi ukiwa mzito, semeni mapema. Mwaka jana wenyewe waliuza visheti.