Mnara wa Pisa: Jengo Lililookolewa na Miaka ya Kungoja

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na ninyi vijana mnaojifunza uashi, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Kila fundi aliyemo ukumbini humu amewahi kushika timazi na kuitazama ile kamba ikitulia, nayo kamba huamua bila kusikiliza utetezi wa mtu. Leo nataka nizungumzie jengo ambalo timazi ililikataa tangu karne ya 12, nalo bado limesimama. Ni mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pisa, nchini Italia, ambao nilipata bahati ya kuutembelea na kuupanda.

Ukiutazama kutoka mbali, jicho lako huona mwinamo tu. Uzito wake unauhisi mwilini unapoanza kupanda. Wageni huacha mifuko yao nje, huingia kwa makundi madogo kwa saa iliyopangwa, kisha hukutana na ngazi nyembamba inayozunguka ndani ya ukuta wenyewe. Hatua chache baada ya kuingia nilijikuta nimeegemea ukuta wa kulia pasipo kutaka; nilipozidi kuzunguka, nikasukumwa upande wa kushoto. Vidato vya marumaru vimelika kwa nyayo za karne nyingi, na havikulika mahali pamoja: upande mmoja wa mnara bonde la nyayo liko karibu na ukuta wa ndani, upande wa pili liko karibu na ukuta wa nje. Waliotutangulia walisukumwa kama tulivyosukumwa sisi, na jiwe limehifadhi ushahidi huo.

Sasa turudi mwanzo. Mwaka 1172 mjane mmoja, Berta di Bernardo, aliacha katika wasia wake soldi 60, fedha ya wakati ule, kwa ajili ya mawe ya mnara. Mwaka uliofuata, 1173, ujenzi ukaanza. Pisa ilikuwa jamhuri yenye manowari na biashara kubwa baharini, na kanisa kuu lilikuwa limekwisha kusimama jirani. Msingi ulikuwa duara lenye kipenyo cha mita karibu 20, na kina chake kilikuwa mita 3 tu. Juu yake ulikusudiwa kukaa mzigo ambao leo unakadiriwa kuwa tani 14,500. Chini ya msingi huo pana mchanga na tope la mito kwa mita kama 10, na chini yake tena udongo laini wa mfinyanzi ulioachwa na bahari. Mnara huu hauko peke yake katika tabu hiyo, kwa maana mjini humo ipo minara mingine ya makanisa iliyokwenda upogo.

Mwaka 1178, walipokuwa wamefikia ghorofa ya nne, kazi ilisimama, na ikapita karibu miaka 100 kabla ya kuendelea. Pisa ilikuwa na vita na majirani zake. Wengi huieleza miaka hiyo kuwa ya hasara, lakini mimi nasema ndiyo iliyouokoa mnara. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hushika maji katika vinyweleo vyake, na maji hayo hayatoki upesi. Anayechuja tui analijua jambo hili kwa mikono yake: kifumbu kikikamuliwa kwa pupa machicha hufurika pembeni, kikikamuliwa taratibu tui hutoka na machicha hushikamana. Wahandisi wa leo wamepiga hesabu na kuona kwamba kama mafundi wa 1178 wangeendelea kupandisha mawe, udongo ungefumuka na mnara ungeanguka. Katika miaka ile ya ukimya maji yalijipenyeza nje polepole, na ardhi ikapata nguvu.

Mwaka 1272 kazi ilianza tena. Mnara, ambao mwanzoni ulikuwa umeegemea kaskazini kidogo, sasa ukageukia kusini, na mafundi wakajaribu kuunyoosha kwa kupandisha upande mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo sababu mnara umejipinda mithili ya ndizi. Kazi ikasimama mara nyingine, na mwaka 1284 Pisa ilishindwa na Genoa katika vita vya baharini vya Meloria, pigo ambalo mji haukupona. Chumba cha kengele kilijengwa katika karne ya 14. Nilipofika huko juu nilihesabu vidato vya kuingilia chumba hicho: kusini ni sita, kaskazini ni vinne. Vidato viwili vya ziada ndiyo hesabu ya fundi aliyetaka kengele zake zikae sawa juu ya jengo lililoinama.

Madhara makubwa yaliletwa na watu wa baadaye waliotaka kuutengeneza. Mwaka 1838 msanifu Alessandro Gherardesca alichimba njia kuzunguka kitako ili nguzo za chini zionekane. Maji yakafurika, mnara ukainama zaidi. Katika miaka ya 1930, kwa amri ya Mussolini, mtawala wa Italia wakati huo, mashimo zaidi ya 300 yalitobolewa katika msingi na kujazwa saruji, na mwinamo ukaongezeka tena.

Mwaka 1989 mnara wa kale wa mji wa Pavia ulianguka ghafla na kuua watu wanne. Miezi kumi baadaye, Januari 1990, mnara wa Pisa ulifungwa. Kamati ya wataalamu chini ya Michele Jamiolkowski ilianza kwa kuweka mamia ya tani za risasi, yale madini mazito, upande wa kaskazini, ulioinuka, ili kuukandamiza. Mwaka 1995 walijaribu kugandisha ardhi kwa baridi ili wafunge nyaya za kuushikilia mnara, na mnara ukaanza kusogea kuelekea kusini, wakalazimika kuongeza risasi haraka.

Tiba iliyofaa ilikuwa ya kupunguza. Kwa keekee ndefu zilizoingizwa kimshazari, walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, wakipima kila siku kabla ya kuendelea. Kwa jumla walitoa mita za ujazo 38 hivi, mzigo wa malori machache. Mwinamo ulishuka kutoka nyuzi 5.5 hadi karibu 5, na kilele kikarudi nyuma kwa takribani sentimita 45, mahali kilipokuwa mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Gherardesca hajachimba. Hapo waliacha kwa makusudi. Mnara uliojengwa ukijipinda hauwezi kunyooka wote kwa pamoja: ukisimamisha kitako wima, ghorofa za juu zitaelekea kaskazini. Tarehe 15 Desemba 2001 mlango ulifunguliwa tena, na watu wakaanza kupanda vidato vile vilivyolika, wakisukumwa kulia, kisha kushoto.