Mnawasha Taratibu, Kuzima Je?

Ndugu mafundi, kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 6 hadi 8 ya kiwango chake, mnajua. Sitalirudia. Nimekuja na lilelile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: kuzima.

Fungueni kabati la umeme la pampu. Stata laini, kile kifaa cha kuwasha na kuzima mota taratibu, imo, imefungwa vizuri. Tazameni mipangilio: kuwasha, sekunde 10. Kuzima, sifuri. Sifuri, jamani! Mwenye pampu amelipia kifaa kizima, anatumia nusu.

Ukikata umeme ghafla, pampu inasimama karibu papo hapo, maana maji yenyewe yanaikaba. Lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye bomba refu la kupanda mlima bado yana mwendo. Yanasonga mbele, yanaishiwa kasi, yanageuka, na valvu ya kuzuia maji kurudi inajibamiza. Mwanasayansi Mrusi, Nikolai Joukowsky, alilichunguza jambo hili Moscow miaka ya 1890. Katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo unaokatizwa ghafla huongeza presha ya takriban bar 10, juu ya ile iliyokuwamo. Maji yalikuwa yanakwenda mita 2 kwa sekunde? Ongeza bar 20. Gasketi zinavuja, boliti za flanji zinalegea, fundi bomba anaitwa tena na tena na kulaumiwa, na kosa liko kwenye kabati la umeme!

Stata laini hushusha volteji polepole kwa thairista zake, yaani swichi zake za kielektroniki. Ila msiweke sekunde 10 mkaondoka. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volteji: volteji ikibaki nusu, nguvu inabaki robo. Kwa hiyo mwanzoni mtaona kama hakuna kinachobadilika, halafu kasi ya pampu inaanguka ghafla. Simameni kando ya valvu, zimeni, sikilizeni, mkiwa na macho kwenye geji. Bado inagonga? Ongezeni muda, zimeni tena. Kama stata yenu ina mpangilio wa kufuata nguvu badala ya volteji, tumieni huo.

Kuna atakayesema: umeme wenyewe ukikatika je? Hapo stata haina la kufanya. Fungeni tangi la hewa kwenye bomba. Mwingine atasema anunue inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Kama kazi inataka kasi ibadilike, nunua. Pampu inayozunguka kasi ileile kutwa haiihitaji, stata laini inatosha: pampu ikishafika kasi kamili, kontakta ya pembeni, swichi inayoupitisha umeme kando ya thairista, inabeba umeme na thairista zinapoa.

Muda unanikimbiza. Kapasita za kurekebisha pawa fakta msizifunge kati ya stata na mota, mtaunguza thairista. Mwenye pampu inayogonga abaki na vipimo vyake, tuvipitie pamoja.