Kifungu cha sita na meli ya Oruç Reis

Mabibi na mabwana, wazee wangu mliokaa mbele, assalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya Uturuki na washirika wake, na kama ushirika huo waweza kuzaa vita vikubwa. Kwa kuwa tuko Mombasa, niruhusuni nianzie hapa hapa. Katika miaka ya 1580 alikuja pwani hii nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, na miji kadhaa ikampokea kwa shangwe, kwa maana Wareno walishawachosha watu. Malindi ikabaki na Wareno. Nahodha akaondoka na ngawira yake. Mwaka 1587 zikaja meli za Wareno kutoka Goa, huko Bara Hindi, zikaiangamiza Faza, mji wa kisiwa cha Pate, zikaichoma Mombasa, na Mturuki hayupo. Aliporudi, akakamatwa kisiwani hapa mwaka 1589, huku Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, wakingoja ng'ambo ya maji. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kuijenga Ngome, Fort Jesus, hiyo tunayowapeleka wageni kuitazama.

Sisemi Erdoğan, rais wa Uturuki, ni Mir Ali Bey. Nauliza tu lile ambalo babu zetu wangeuliza mwaka ule: mkataba upo, adui amekuja, nani atakayekuwepo?

Watu wakizungumza juu ya hatari ya Uturuki, haraka hutaja NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake. Uturuki ni mwanachama tangu 1952, na kifungu cha 5 chasema akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote. Basi mtu huona moto unaruka kutoka Ankara hadi Washington. Lakini soma mbele kidogo. Kifungu hicho hicho chamwachia kila mwanachama achukue hatua anayoiona inafaa. Kisha kifungu cha 6, ambacho hakuna anayekitaja kwenye redio, chachora mipaka: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, na ardhi ya Uturuki, iliyotajwa kwa jina. Askari wa Kituruki aliyeko Syria hamo. Aliyeko Libya hamo. Na yule aliyeko Mogadishu hamo kabisa.

Hili lilishajaribiwa. Tarehe 27 Februari 2020, huko Idlib, Syria, askari wa Uturuki zaidi ya 30 waliuawa katika shambulio moja la anga. Anga ile ilikuwa ya Syria na Urusi. Ankara ikaita kikao cha NATO chini ya kifungu cha 4, cha mashauriano. Ikapewa maneno ya kuliwaza, mazuri tu. Mambo yalimalizwa wapi? Moscow, tarehe 5 Machi, Erdoğan na Putin mezani. Na huyu Putin ndiye aliyemuuzia mitambo ya S-400, ya kutungulia ndege, iliyofika mwaka 2019, ambayo kwa ajili yake Marekani ikaitoa Uturuki katika mradi wa ndege za kivita za F-35.

Kwa hiyo mimi, mkataba mkubwa haunikoseshi usingizi. Ninaiogopa ile midogo, ya watu wawili, inayotiwa sahihi Jumatano na Ijumaa askari wameshapanda ndege. Na mikataba hiyo ya Uturuki ni mingi. Na Qatar, ambako walizidisha askari jirani zake walipoiwekea mzingiro mwaka 2017. Na Azerbaijan, katika mji wa Shusha, Juni 2021, kwamba mmoja akivamiwa mwenzake atamsaidia. Na serikali ya Tripoli, Libya, Novemba 2019, hati mbili kwa mpigo: moja ya kijeshi, nyingine ya mpaka wa bahari.

Hiyo ya bahari nitakaa nayo. Uturuki na Libya walichora mpaka kana kwamba kisiwa cha Krete hakipo. Ugiriki ikapandwa na hasira. Mwaka uliofuata Ankara ikapeleka meli ya utafiti wa mafuta, Oruç Reis, ikisindikizwa na manowari, katika maji ambayo Wagiriki wanayadai. Tarehe 12 Agosti 2020 manowari ya Ugiriki, Limnos, ikagongana na ya Uturuki, Kemal Reis. Wote wawili wanachama wa NATO! Miezi miwili kabla ya hapo, Wafaransa walilalamika kwamba manowari za Kituruki ziliilenga yao kwa rada ya silaha, kwa sababu hiyo hiyo ya Libya. Hakuna aliyetaka vita, lakini nahodha akikosea hatua chache tu, mambo hayarudi nyuma.

Mbona nang'ang'ania meli hii? Kwa sababu ilishakuja kwetu. Oktoba 2024 Oruç Reis ilitia nanga Mogadishu, manowari zikiwa pembeni yake, kuja kutafuta mafuta katika vitalu vitatu vya bahari ya Somalia.

Tuwe waadilifu. Agosti 2011, njaa ikiwaua Wasomali, Erdoğan alikwenda Mogadishu na mkewe wakati wengine walizungumza na Wasomali kutoka hoteli za Nairobi. Msomali hajalisahau hilo, na ana haki. Mwaka 2017 ikafunguliwa huko kambi ya Kituruki ya kuwafunza askari wa Somalia, TURKSOM. Kisha tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ikatia sahihi na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia, hati ya kupata njia ya baharini, Mogadishu ikahamaki, na Februari hiyo hiyo ukaja mkataba wa miaka kumi wa ulinzi na uchumi kati ya Somalia na Uturuki, bahari ikiwemo.

Hapo pana kichekesho, kama mna moyo wa kucheka. Ethiopia nayo ni mteja wa Ankara. Ndege zisizo na rubani za Bayraktar, za kampuni ya ukoo wa mkwe wa Erdoğan, ziliruka katika vita vya Tigray. Kenya nayo ilinunua magari ya deraya ya Hizir kutoka huko huko. Muuzaji mmoja, na wateja wenye mpaka mmoja.

Kuna wanaosema hiyo ndiyo salama yetu, kwamba mwenye wateja pande zote hataki wapigane. Nakubali nusu. Tarehe 11 Desemba 2024 Erdoğan aliwakalisha Ankara Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, wakakubaliana wazungumze badala ya kupigana. Umoja wa Afrika haukuweza hilo. Ila mpatanishi huyu huwatuliza wanaomhitaji tu. Imarati, ambao kampuni yao huendesha bandari ya Berbera huko Somaliland, hawamhitaji. Israeli, ambayo Desemba 2025 iliitambua Somaliland, ndiyo kabisa. Israeli na Uturuki tayari wanaviziana Syria tangu Assad aanguke. Ugomvi wa Damascus sasa una njia ya kufika Ghuba ya Aden, na haipiti NATO.

Mzee wangu hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: sisi yatuhusu nini? Basi chukua tarehe ile ile, 11 Desemba 2024. Wakati wakubwa wanapeana mikono Ankara, huko Ras Kamboni, mpakani na Kenya, askari wa serikali ya Mogadishu walikuwa wanapigana na wa Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia. Walizidiwa. Mamia yao wakavuka mpaka, wakazikabidhi bunduki zao kwa Wakenya, kaunti ya Lamu.