Akishakufa na Akitaka Kufa

Wachezaji wenzangu, asanteni kwa kuja. Naona wengi mmekuja na deki zenu za Magic: The Gathering na mikono inawawasha. Nipeni dakika chache kabla hatujaanza kuchanganya kadi.

Mchezo huu wa Richard Garfield ulitoka mwaka 1993, na kadi tulizo nazo hapa zimeandikwa Kiingereza. Tunasoma Kiingereza, kisha tunaelezana kwa Kiswahili, na hapo ndipo ugomvi unapozuka. Sisemi kwamba Kiswahili hakitoshi. Kinatosha sana, ila tunakitumia kwa haraka mno.

Tazameni kadi hii, Blood Artist. Kila kiumbe anapokufa, mchezaji unayemchagua anapoteza uhai 1 nawe unapata 1. Na hii hapa ni Rest in Peace, ambayo inaondoa mchezoni kila kadi inayoelekea makaburini, yaani kwenye fungu la kadi zilizokwisha kutumika au kuuawa. Majuzi zilikutana mezani kwetu. Kiumbe akapigwa. Mwenye Blood Artist akasema, "Akifa napata uhai." Mwenzake akamjibu, "Akifa anaondolewa mchezoni." Wote wawili walisema "akifa", kila mmoja akiisoma kadi yake kwa uaminifu, wakabishana mpaka chai ikapoa.

Tatizo ni hiyo -ki-, maana inabeba mizigo miwili. Kadi ya kwanza inasema akishakufa: jambo limekwisha kutokea, mwili uko makaburini, ndipo mtego, yaani uwezo unaojiwasha wenyewe jambo fulani likitokea, unafyatuka. Ya pili inasema akitaka kufa. Si tunasema ukuta unataka kuanguka, mvua inataka kunyesha? Ukuta hauna hamu ya kuanguka, ila tukio liko mlangoni. Mkiona "would" na "instead" kwenye kadi, someni "akitaka" na "badala yake", na mambo yatanyooka. Kadi ya aina hii haingoji tukio litokee. Inalidaka njiani na kuligeuza kuwa tukio lingine. Na katika mchezo huu, kufa ni kutoka uwanjani na kuingia makaburini, basi. Kiumbe aliyedakwa na Rest in Peace hakufa. Mtego wa Blood Artist haufyatuki, na yule kijana wa kwanza hakustahili uhai wowote, ingawa nilimhurumia.

Msilichanganye hilo na kifo cha pamoja, ambacho mimi nakipenda kuliko yote. Wrath of God ikifagia uwanja wenye Blood Artist na viumbe wengine wanne, wote watano wanakufa kwa mpigo mmoja. Wapo wanaoshikilia kwamba Blood Artist, akiwa naye ni maiti, hawezi kuona vifo vya wenzake. Anaviona. Mitego ya kifo hutazama nyuma, hali ya uwanja ilivyokuwa kabla tu ya kufagiwa. Kwa hiyo mtego wake unafyatuka mara tano, kifo chake mwenyewe kikihesabiwa.

Alama ya nukta mbili (:) kwenye kadi naipitia upesi. Kilicho kabla yake ni malipo, kilicho baada yake ndicho ulichonunua. Viscera Seer anataka utoe kiumbe kafara, halafu ndipo utazame kadi ya juu ya deki yako. Malipo hayajibiwi. Mwenzako akishatoa kafara, kiumbe yule hayupo tena, usiinue mkono kutaka kumpiga.

Sasa neno linalowasumbua hata wazoefu: "if" inayokuja mara tu baada ya kutajwa kwa wakati. Felidar Sovereign inasema mwanzoni mwa zamu yako, katika hatua iliyo kabla ya kuvuta kadi, ikiwa una uhai 40 au zaidi, umeshinda. Sharti hilo hukaguliwa mara mbili. Ukiingia hatua hiyo na uhai 39, mtego haufyatuki kabisa, hata ukiongeza 10 papo hapo. Ukiwa na 41, unafyatuka na kuwekwa kwenye rundo, mahali uwezo unaposubiri zamu yake ya kutekelezwa. Rundo tunalo tangu sheria za mwaka 1999, na hufuata mpango wa sinia zilizopangwa jikoni: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Hapo mpinzani ana nafasi ya kujibu.

Wengi hukurupuka kumuua Felidar mwenyewe. Haisaidii. Uwezo ukishapanda kwenye rundo, haumtegemei tena aliyeuzaa. Mtazameni dada aliyekaa pale mbele, maana aliwahi kunifanyia hivi: mimi nina 41, mtego wangu uko kwenye rundo, naye ana Lightning Bolt moja mkononi. Akanipiga mimi. Uhai 3 ukatoka, nikabaki na 38. Rundo likarudi kwenye mtego wangu, sharti likakaguliwa mara ya pili, halikutimia. Felidar alikuwa bado amesimama uwanjani, hajaguswa, na ushindi haukuwepo.