Nimesimama nje ya hospitali aliyofia Mwalimu

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi vijana wenzangu. Kamwene kwa ndugu wa Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Leo siko chumbani kama mlivyonizoea. Nimetoka kazini nikashukia daraja la Westminster, hapa London. Ngoja nigeuze kamera. Ng'ambo ya mto lile ni Bunge la Waingereza. Sasa tazameni huku upande wangu: hii ni hospitali ya St Thomas'. Humu ndimo alimofia Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999, kwa saratani ya damu.

Nilikuwa darasa la tatu, Mbeya mjini. Kesho yake asubuhi mwalimu wa zamu alitusimamisha mstarini, akaanza kusema, akashindwa kumaliza. Nikirudi nyumbani nilipita Mwanjelwa, kila kibanda redio iko juu. Nikawa najiuliza, mbona watu wazima wanamlilia mtu ambaye si rais tena?

Jibu nimelipata ukubwani. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao, na hapo wapo wanaomlaumu mpaka leo. Lakini hakuishia kwa wanafunzi. Alijikata na yeye mshahara wake, asilimia 20. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea, na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hebu mtafakari kiongozi mmoja tu mnayemjua, mkimpimia kwa miiko hiyo.

Na msidhani upole wake ulikuwa wa kuinamia wakubwa. Nyie mnaokaa karibu na stesheni ya TAZARA, reli yetu na Zambia, ile reli wakubwa wa huku na Benki ya Dunia waliikataa, wakasema haitalipa. Zambia ilikuwa imebanwa, shaba yake inapita kwa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya sasa. Mwalimu na Rais Kaunda wa Zambia wakaenda kwa Wachina. Kazi ikaanza 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 zilikuwa zimetandikwa, Dar hadi Kapiri Mposhi, zikikata milima yetu kuanzia Mlimba kupanda Makambako. Mimi safari yangu ya kwanza kwenda Dar niliipanda hiyo treni.

Watu wa Iringa najua mtaniuliza habari za vijiji vya ujamaa. Mna haki. Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Klerruu, aliuawa Isimani na mkulima, Saidi Mwamwindi, katika sokomoko hilohilo la mashamba, na Mwamwindi naye akanyongwa. Baadaye kuna waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Siwezi kumpenda Mwalimu kwa kuyafukia hayo. Ila mwaka 1977, Azimio likitimiza miaka 10, aliandika mwenyewe, akiwa madarakani, kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Nani alimlazimisha? Halafu 1985 akaachia urais, akatuletea na neno kutoka kwao Uzanakini, kung'atuka, maana Kiswahili hatukuwa nalo. Uenyekiti wa chama akauacha 1990. Akawa analima Butiama.

Lakini kilichonileta hapa leo ni bibi yangu wa Tukuyu. Bibi hakuwahi kuingia shule utotoni, kwenye karatasi yoyote alikuwa anatia dole gumba. Miaka ya 1970 ndiyo alisoma ngumbaru, yale madarasa ya watu wazima, jioni, akitoka kuchuma chai, mtoto mgongoni. Anasema walianza na herufi, mwisho wakawa wanakusanyika kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya redioni, kitabu mkononi, kisha wanakwenda kuchimba choo. Mimi nimelelewa na yeye. Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza, fomu ilitaka saini ya mlezi. Mtendaji akamsogezea kidau cha wino. Bibi akakisukuma pembeni, akaomba kalamu, akaandika majina yake yote matatu, polepole, na mimi nimesimama hapo namtazama.

Bibi, kama kuna mjukuu anakuonyesha hii video, shikamoo. Hospitali yenyewe ndiyo hii.